Hizo L4 na L5 kwenye karatasi ya majibu: tuujue mgongo wa chini kabla hatujaogopa

Wiki mbili zilizopita shangazi alitupia picha ya karatasi kwenye grupu la ukoo. Majibu ya MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, karatasi imekunjwa mara nne, kona moja ina doa la chai, na chini kabisa kuna mstari unaosema diski ya kati ya L4 na L5 imechakaa na imechomoza kidogo. Akaandika neno moja tu, "Nimekwisha." Nusu saa haijaisha tukawa na madaktari kumi na moja humo ndani. Mjomba akasema hizo ni pingili zimesagika na hamna dawa. Binamu aliyeko Mwanza akasema hapana, ute umeisha, anywe supu ya makongoro asubuhi na jioni. Mama mdogo akasema hiyo ni figo. Mwingine akasema ni UTI imepanda mgongoni. Na yule mmoja asiyekosekana kwenye kila ukoo akakumbusha kwamba shangazi alijifungua kwa operesheni mwaka 1998, akachomwa sindano ya mgongo, kwahiyo sasa sindano imeanza kudai chake.

Mi nafundisha baiolojia sekondari, sio daktari, ila huwa najua angalau kitu gani kimekaa wapi, na nilivyosoma yale majibu niliona kwamba tatizo kubwa ni maneno. Kila mtu ametaja kitu tofauti na wote wanadhani wanaongelea kitu kimoja. Nikaandika ujumbe mrefu, nimeurefusha kidogo ndo huu.

Tuanze na uti. Kiswahili chetu tunasema uti wa mgongo tukimaanisha vitu viwili: ule mnara wa mifupa unaouhisi ukipitisha mkono mgongoni, na ile kamba laini inayoshuka kutoka kwenye ubongo ikipita ndani ya huo mnara. Ni sawa na kuita paipu na waya uliomo ndani yake jina moja, fundi umeme akikwambia "imekatika" hujui ulie au ucheke. Hapa mifupa nitaiita uti na ile kamba nitaiita ugwe, tusichanganyane. Homa ya uti wa mgongo, kwa mfano, ni ugonjwa wa ngozi nyembamba zinazofunika ubongo na ugwe, pingili hazihusiki kabisa. Na ile UTI ya yu-ti-ai ni herufi tatu za Kiingereza za maambukizi ya njia ya mkojo, kufanana kwake na uti wetu ni ajali ya herufi tu, haipandi popote kwenda kuwa pingili. Ikipanda inapanda kwenye figo, na figo nitazifikia.

Pingili ni kipande kimoja cha mfupa kwenye huo mnara, kama pingili ya muwa. Diski ni kile kilichokaa kati ya pingili na pingili. Neva ni nyuzi zinazobeba taarifa, maumivu na amri za kusogeza misuli, na hizi wengi tunaziita mshipa, na hapo ndo balaa lingine maana kwetu damu inapita kwenye mshipa, ganzi ni mshipa, ngiri ni mshipa, mtu akisema "mshipa umenibana" bado hajasema kitu.

Sasa somo lenyewe. Picha za kitabu sizipendi sana, mwalimu mzuri wa mgongo ni bakuli la supu ya mbuzi. Siku ukibahatika kupata pande la mgongo usilitafune haraka, ligeuze uliangalie. Utaona gogo dogo nene la mfupa, hicho ndo kiwiliwili cha pingili, ndo kinachobeba uzito. Nyuma ya gogo kuna tundu, na ndani ya tundu kuna kitu cheupe laini ambacho walaji wazoefu wanakifyonza kwa sauti mpaka jirani anageuka: huo ndo ugwe. Kulia na kushoto kuna mabawa mawili ya mfupa, na nyuma kabisa kuna mwiba mmoja uliochongoka, hizo ndo zile nundu unazoziona zimepangana kwenye mgongo wa mtoto akiinama kuokota kitu. Halafu angalia uso wa gogo, pale linapokutana na pingili ya jirani, kuna kitu cheupe kigumu kama mpira kinachogoma meno. Wengi wanakitemea pembeni ya sahani. Hiyo ndo diski yenyewe, umeitema miaka yote hukujua.

Tofauti yetu na mbuzi ni kwamba yeye uti wake umelala kama boriti ya paa na sisi wetu umesimama kama nguzo. Nguzo maana yake kila pingili inabeba zote zilizo juu yake, na kichwa, na mikono, na ndoo ya maji kama umeibeba. Ndo maana ukizipanga mezani pingili za binadamu unaona zinanenepa kadiri unavyoshuka, za shingoni ni ndogo kama pete kubwa na za kiunoni ni magogo kweli.

Hesabu yake: shingoni ziko 7 (twiga naye ana 7, haki ya Mungu), kifuani 12 zilizoshikana na mbavu, kiunoni 5. Hizo 5 za kiunoni ndo zenye herufi L, kutoka neno la Kilatini la kiuno, zinahesabiwa kutoka juu kwenda chini, L1 mpaka L5. Chini yao kuna 5 nyingine zenye herufi S, hizi kwa mtoto zimeachana ila zinaanza kuungana ujanani na mtu akifika miaka 25 hivi zimeshakuwa mfupa mmoja wa pembetatu uliopachikwa katikati ya mifupa miwili ya nyonga kama kabari. Mwisho kabisa kuna vijipande 3 mpaka 5, kwa wengi ni 4, ndo kifandugu, wengine wanakiita kitokono. Kuna watu wana pingili 4 au 6 za kiunoni badala ya 5, wanaishi maisha yao yote bila kujua mpaka siku wapigwe eksirei kwa jambo lingine.

Unataka kuijua L4 yako ilipo? Simama, weka mikono kiunoni kama mama anayesubiri maelezo ya sukari iliyopungua kabatini. Vidole vimegusa ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Vuta mstari wa kufikirika kutoka mkono wa kulia mpaka wa kushoto ukipitia mgongoni, mstari huo unapita kwenye L4 au pale kati ya L4 na L5. Wanaochoma sindano ya mgongo wanatumia mstari huohuo.

Na kwanini kila majibu ya watu yanataja L4, L5 na S1, husikii mtu analia na L1? Fikiria waya wa chaja ya simu. Unakatika wapi? Pale shingoni, unapoingia kwenye kichwa kigumu cha chaja. Katikati unaukunja unavyotaka haukatiki. Sasa S ni mfupa mmoja mgumu usiosogea, juu yake kuna pingili zinazoinama, zinazogeuka, zinazocheza baikoko, kwahiyo mkunjo wote unalia pale mwanzoni. Ukichukua diski kumi za kiunoni zilizochomoza mpaka kusumbua neva, zaidi ya tisa ni zile mbili za chini kabisa, ya kati ya L4 na L5 na ya kati ya L5 na S1.

Diski yenyewe imetengenezwa hivi. Chukua kitunguu ukikate katikati, uone zile pete zilivyozungukana, halafu ondoa ule moyo wa kitunguu uweke mlenda mzito. Pete za nje ni ngumu, nyuzi zake zimelala mshazari, pete hii inaelekea kulia na inayofuata inaelekea kushoto kama miyaa ya mkeka inavyopishana, kwahiyo ukijipinda upande wowote kuna nyuzi zinazokaza kukuzuia. Mlenda wa katikati kazi yake ni kubonyea na kurudi. Umejaa maji, kwa mtoto mdogo zaidi ya robo tatu yake ni maji, na kadiri umri unavyoenda maji yanapungua taratibu.

Hayo maji yanaingia na kutoka kila siku. Mchana kutwa ukiwa umesimama uzito unayakamua, usiku ukilala yanarudi, matokeo yake jioni unakuwa mfupi kuliko asubuhi kwa sentimita moja hivi, wengine mpaka mbili. Kijana anayekwenda kupimwa urefu wa kujiunga na jeshi na amepungukiwa kidogo basi awahi alfajiri. Wanaanga wakikaa huko juu miezi bila uzito wowote wa kuwabana wanarefuka kwa sentimita kadhaa, na wakirudi duniani wanarudia kimo chao.

Kuna jambo moja kuhusu diski ambalo nikilieleza darasani wanafunzi wanaacha kuchat. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu, ndo sehemu kubwa kuliko zote mwilini inayoishi hivyo. Inakula vipi? Kwa kunyonya. Chakula kinapenya kutoka kwenye mfupa wa juu na wa chini, kidogokidogo, na kule kubanwa na kuachiwa wakati unatembea kunasaidia kama sponji ya kuoshea vyombo. Sponji ikikaa imebanwa siku nzima hainyonyi, ikikaa imeachiwa siku nzima maji yaleyale yanakaa humo. Kwahiyo mgongo unapenda mabadiliko, kukaa, kusimama, kutembea, kulala, zunguka. Mtu anayelala kitandani wiki mbili kuupumzisha mgongo anaunyima, na misuli nayo inasinyaa, akija kuinuka anaumwa kuliko mwanzo. Hivi sasa wataalamu wanashauri kuendelea na shughuli kadiri unavyoweza, ile habari ya kulala chali siku kumi ilishapitwa.

Tuje kwa binamu wa Mwanza na ute wake. Ute upo kweli, ila sio kwenye diski. Nyuma ya kila pingili kuna viungo viwili vidogo kama bawaba za mlango, vinashikana na pingili ya chini yake, na ndani ya hizo bawaba kuna ute kiduchu wa kulainisha, kama gotini. Huo ute mwili unautengeneza wenyewe kila siku, hauishi kama oili ya bodaboda kwamba umefika kilomita kadhaa ukamwage mwingine. Na makongoro ukiyanywa, tumbo linayavunjavunja kama linavyovunja maharage, hayana barabara ya kwenda L4 kufungua kifuniko na kumimina, hasa ukikumbuka hata damu haifiki kule. Makongoro ni matamu, yanyweni kwa utamu wake.

"Diski imechomoka" nayo. Kwa jinsi tunavyosema mtu anapata picha ya sabuni imeponyoka mkononi, na kuna mafundi wa mifupa mitaani wanaahidi kuirudisha kwa goti. Diski haiwezi kuponyoka, pete zake zimeota kabisa ndani ya mfupa wa juu na wa chini, hakuna nafasi ya kuteleza. Kinachotokea ni kwamba pete za nyuma zinalegea, diski inatuna, au zinapasuka na ule mlenda unapenya kwenye ufa. Kinachoweza kuteleza kweli ni pingili, mara nyingi L5 ikisogea mbele juu ya S1, na hilo ni jambo lingine lenye jina lake na picha yake kwenye eksirei.

Mlenda ukipenya ukafika kwenye neva iliyopita hapo nyuma, hapo ndo moto unawaka. Neva za L4 mpaka S3 zinaungana kufanya neva moja kubwa inayopita matakoni kushuka nyuma ya paja mpaka mguuni, ndo neva nene kuliko zote mwilini, unene wake unafika wa kidole. Kwahiyo kitu kimebanwa kiunoni, mtu analia na kidole gumba cha mguu. Watu walikuwa wakiumwa hivyo miaka na miaka bila kujua sababu, mpaka mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walipoandika kwamba ni diski inayobana mzizi wa neva. Kabla ya hapo vile vipande wakivikuta kwenye operesheni walidhani ni uvimbe.

Na habari njema ambayo hakuna mtu anayeifowadi: ule mlenda ukishatoka nje ya pete, mwili unauona kama mgeni, askari wa kinga wanaufuata wanaula. Taratibu, wiki hadi miezi. Vile vipande vikubwa vilivyotoka kabisa mara nyingi ndo vinavyoliwa vizuri zaidi. Watu wengi wenye mguu unaowaka hivyo wanapata nafuu bila kisu.

Sasa lile neno la mjomba, kusagika. Hili nalichukia kuliko yote, samahani mjomba. Kusagika ni mahindi mashineni, mtu akisikia pingili zimesagika anaona unga unamwagika mgongoni, anaacha kuinama, anaacha kubeba mjukuu, anaanza kutembea kama amebeba mayai. Mwaka 2015 ulichapishwa mkusanyiko wa tafiti 33 zenye watu 3,110 waliopigwa picha za mgongo huku hawaumwi chochote, narudia, hawaumwi. Wenye miaka 20, asilimia 37 walionekana diski zimechakaa. Wenye miaka 80, asilimia 96. Diski zilizotuna, asilimia 30 ya vijana wa miaka 20 wanazo na asilimia 84 ya wazee wa miaka 80. Yaani ukimchukua babu yeyote anayeendesha baiskeli yake kwenda shamba ukampitisha kwenye MRI, karatasi yake huenda ikasomeka vibaya kuliko ya shangazi. Ni kama mvi na makunyanzi, tofauti ni kwamba haya yako ndani na kwa maumivu hatuna kingine cha kukilaumu. Sisemi picha haina kazi. Picha ina kazi pale inapokubaliana na mwili, kwamba diski imetuna kulia na mguu unaoungua ni wa kulia, kwenye njia ya neva ileile. Zikipishana, karatasi ndo ya kutiliwa shaka.

Sindano ya kujifungulia. Hii imetisha wanawake wengi, kuna mtu namfahamu alikataa akataka usingizi kamili kwa sababu ya maneno ya sokoni. Kumbuka ugwe. Ule ugwe haushuki mpaka chini, kwa mtu mzima unaishia kwenye L1 au L2. Mtoto akizaliwa unafika chini zaidi, karibu na L3, ila mifupa inakua haraka kuliko ugwe, kama mtoto anavyokua suruali ikabaki juu ya kifundo. Neva za miguu bado zinatakiwa zitokee milango yao ya chini, kwahiyo kutoka mwisho wa ugwe zinashuka nyuzinyuzi ndani ya maji ya mgongo, na kwa sababu ya mwonekano wake wataalamu waliziita mkia wa farasi. Sindano inachomwa chini ya pale ugwe ulipoishia, kati ya L3 na L4 au L4 na L5, kwenye maji yenye nyuzi zinazoelea. Ni sawa na kuchomeka kijiti kwenye bakuli la tambi zilizo kwenye supu, tambi zinasogea pembeni.

Aliyeanzisha ganzi hii ni daktari Mjerumani August Bier, mwaka 1898, na alijaribu mpaka kwa mwili wake mwenyewe, akaambulia siku kadhaa za kichwa kuuma vibaya. Hilo la kichwa ni la kweli hata leo, linatokana na maji kuvuja kwenye kitundu cha sindano, ila sindano za siku hizi ni nyembamba sana na wanaopata hayo ni wachache. Pale ilipochomwa panaweza kuuma siku chache kama penye sindano yoyote. Lakini mgongo wa kudumu miaka ishirini baadae, tafiti zilizowalinganisha waliochomwa na wasiochomwa hazikuona tofauti. Mgongo wa baada ya uzazi una sababu zake nyingi, mimba ya miezi tisa iliyovuta kiuno mbele, homoni zilizolegeza kano za nyonga, halafu kuinamia beseni, kunyonyesha umejikunja saa saba za usiku, kubeba mtoto upande mmoja. Sindano imepata kesi kwa sababu ndo inayokumbukwa.

Figo, mama mdogo. Figo ziko juu zaidi kuliko watu wanavyodhani, zimejificha nyuma chini ya mbavu za mwisho, kuanzia pingili ya 12 ya kifua mpaka L3 hivi. Pale mnaposhika mkisema figo, juu kidogo ya mkanda wa suruali, figo hazipo. Maumivu ya figo hukaa ubavuni, mara nyingi upande mmoja, hayajali umeinama au umesimama, na yanakuja na wenzake: homa, kutetemeka, mkojo unaouma au wenye damu, kutapika. Maumivu yanayobadilika ukiinama, ukigeuka kitandani au ukiinuka kwenye kiti, hayo ni ya mgongo. Ngiri sitaigusa, kila mtaa una ngiri yake.

Kitu ambacho hakikutajwa na hata mmoja wa madaktari wetu kumi na moja ni nyama. Rudi kwenye bakuli la supu: nyuma ya mabawa ya pingili kuna misuli mirefu iliyoshuka pande mbili, na mbele yake, upande wa tumbo, kuna ile nyama laini kabisa ambayo bucha wanaiita fileti au sarara na bei yake imechangamka. Na sisi tunayo, inatoka kwenye pingili za kiunoni inapita nyonga inajishika juu ya paja, ndo inayokuinulia goti ukipanda ngazi. Uti wenyewe bila misuli hausimami. Angalia mlingoti wa jahazi, sio unene wa mti unaoushikilia bali kamba zilizovutwa kila upande, kamba moja ikilegea mlingoti unalia. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 90 ya maumivu ya mgongo wa chini hayana chanzo kimoja unachoweza kukinyooshea kidole kwenye picha, na kwa hesabu yake mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na haya maumivu. Humo ndani wengi ni misuli iliyochoka, bawaba zilizokasirika, usingizi mbaya, mawazo, kukaa mkao mmoja kutwa. Yanauma kweli, sio ya kubuni, ila hayamaanishi kuna kilichovunjika.

Kifandugu nitakipitia haraka, ni mabaki ya pale ambapo wanyama wengine wana mkia, ila bado kina kazi maana misuli ya chini ya nyonga inajishikiza hapo. Ukidondoka makalio kwenye sakafu yenye maji utakikumbuka miezi mitatu.

Baada ya kuandika haya yote nikampigia shangazi kwa video, maana kuna mambo huwezi kuacha kuuliza. Nikamwambia atembee kwa visigino, vidole juu. Akajifunga kanga vizuri, akatoka kwenye kochi mpaka kwenye televisheni, vidole vyote vimenyanyuka. Hapo neva zake za L4 na L5 zinaongea na miguu vizuri. Nikamwambia arudi kwa ncha za vidole, akarudi, hiyo ni S1. Mtu ambaye mguu unaburuza, kidole gumba hakinyanyuki, au nguvu zinapungua kila siku, huyo hasubiri.

Nikaja kwenye swali la pili, kama anahisi ganzi kule sehemu inayogusa tandiko ukipanda farasi, na kama mkojo unatoka kawaida. Akaniangalia. "We mtoto, una adabu kweli?" Nikampa simu mke wangu. Lakini hilo swali ndo muhimu kuliko yote niliyoandika hapa, kwa sababu diski kubwa ikiubana ule mkia wa farasi wote, mtu anapoteza hisia za katikati ya mapaja na sehemu za siri, mkojo unagoma au unavuja bila taarifa, haja kubwa vilevile, miguu yote inalegea, na huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo maana upasuaji unahesabiwa kwa masaa. Akikaa nyumbani anasuguliwa mafuta ya nazi anaweza asirudi kama alivyokuwa.

Kuna mengine ambayo huku kwetu lazima tuyaulize. Mgongo unaouma usiku na mchana bila kujali mkao, na mtu anakonda, anatoka jasho usiku, ana homa za jioni: kifua kikuu kinaingia kwenye pingili, kinapenda sana pale mwisho wa kifua na mwanzo wa kiuno, kinazila mpaka mgongo unapinda, vile vibiongo vingi tulivyoviona utotoni chanzo chake kilikuwa hicho na wengine walisingiziwa kulogwa. Kinatibika kwa vidonge kikiwahiwa. Mzee wa kiume mwenye mgongo mpya usioeleweka apimwe tezi dume, saratani yake inapenda kuhamia kwenye pingili za kiuno, na mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya titi vilevile. Na aliyedondoka kutoka kwenye mnazi au bodaboda asikandwe na mtu, akapigwe picha kwanza.

Mke wangu akarudisha simu, akasema kila kitu kiko sawa, hana homa, hajakonda, ila ana siku tisa analala sakafuni kwenye mkeka kwa sababu mtu alimwambia godoro linakunja pingili. Nikamwambia arudi kitandani kwake, godoro lisiwe limebonyea katikati kama susu basi inatosha, asubuhi azunguke uwanja mara tatu, aangalie kuku wake, na wiki ijayo aende kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyeandikiwa kwenye karatasi ileile, mstari wa juu kabisa ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeusoma.

Jumamosi akatuma picha nyingine kwenye grupu. Safari hii ni tuta la mchicha, limepaliliwa upya, jembe limelala pembeni. Mjomba akajibu ndani ya dakika moja: "Nani kakuruhusu kuinama?"